Bosi anataka nibadilishe tarehe za michango kabla mkaguzi hajafika

SWALI

Shikamoo Mama,

Mimi ni Mtanzania, nina miaka tisa hapa Marekani, na kwa miaka minne sasa naandaa mishahara katika kampuni ya maghala yenye wafanyakazi kama 150. Tunalipwa kila baada ya wiki mbili. Kila malipo nakata fedha za wale waliojiunga na mpango wa kustaafu wa 401(k), jumla yake huwa kama dola 18,000, halafu fedha hizo zinatakiwa zitoke kwenye akaunti ya kampuni ziende kwa wanaotunza akaunti zao za uzeeni.

Zamani zilikuwa zinaondoka siku ya pili au ya tatu. Mwanzoni mwa mwaka jana mambo yakabadilika. Mteja wetu mkubwa alianza kuchelewa kulipa, na bosi, ambaye ndiye mwenye kampuni, akaniambia nisitume kitu mpaka aniruhusu. Mara siku kumi, mara ishirini, na za mwezi wa tatu zilikaa siku 47. Zote zilikuja kutumwa, hakuna senti iliyopotea. Lakini najua siku zile zilikuwa wapi. Zililipia mafuta ya malori na pango la ghala. Malipo yale niliyaandaa mimi.

Mwaka huu tunakaguliwa kwa mara ya kwanza kwa sababu watu wenye salio kwenye mpango wamepita 100. Mkaguzi ameleta orodha ya vitu anavyotaka, na cha kwanza ni jedwali: tarehe ya kila mshahara, kiasi kilichokatwa, na tarehe kilipotumwa. Bosi ameniambia nijaze tarehe za kutuma ziwe karibu na za mshahara, kisha nisaini. Nilipositasita akasema sheria inampa hadi tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na kwamba benki imeshatoa cheti cha mali yote ya mpango, kwa hiyo mkaguzi hatachimba. Ofisi ya ukaguzi yenyewe ameichagua kwa unafuu wa bei. Mpango wetu ni wa kwanza au wa pili kwao.

Kuna la pili, na hili ni langu. Nilipokuwa nakusanya makaratasi nikagundua kwamba bonasi za mwisho wa mwaka hazikukatwa chochote. Hati ya mpango inasema bonasi zinahesabika kwenye mshahara unaokatwa mchango. Aliyepanga hivyo kwenye programu ya mishahara ni mimi, miaka miwili iliyopita, kwa kutokuelewa. Bosi hajui. Naogopa nikifungua mdomo juu ya lake, langu nalo litatoka.

Kinachoniumiza zaidi ni mzee mmoja wa ghalani, Mkongo wa Lubumbashi, ambaye tunasalimiana kwa Kiswahili kila asubuhi. Mwaka jana alinifuata na simu yake mkononi: makato yake yapo kwenye hati ya mshahara, mbona kwenye akaunti hayapo? Nikamwambia ni mtandao, yataonekana. Nilijua si mtandao. Juzi amekuja tena, ananiuliza kama mwakani anaweza kustaafu.

Mama, nisaini? Nimwambie mkaguzi? Au ninyamaze, maana fedha zote zilishaingia?

Mwandaaji wa mishahara

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usisaini. Naanza na hilo kwa sababu najua mkaguzi anangoja jedwali na bosi anangoja saini. Mengine tutayazungumza taratibu, na nadhani ukimaliza kusoma utaona kwamba unachoambiwa ukifiche ni kidogo sana ukilinganisha na kosa la kukificha.

Nimekagua mipango hii miaka mingi kabla sijastaafu, na maneno ya bosi wako kuhusu tarehe 15 nimeyasikia mara nyingi. Ameisoma kanuni nusu. Kanuni ya Wizara ya Kazi inasema makato ya mfanyakazi yanakuwa mali ya mpango mara tu yanapoweza kutengwa na fedha za kampuni. Siku ya 15 ya kazi ya mwezi unaofuata ni ukomo wa mwisho kabisa, si muda wa neema ambao kila mwajiri amepewa autumie. Mipango midogo yenye wanachama chini ya 100 imepewa nafuu ya siku 7 za kazi. Nyinyi mmeshavuka huko. Kwenu kipimo ni uwezo wenu wenyewe, na uwezo huo umeshaonekana: kwa miaka mlituma siku ya pili au ya tatu. Mkaguzi anayejua kazi yake akiiona rekodi hiyo, hata zile siku kumi ataziandika kuwa ni kuchelewa.

Na fedha ikilipia mafuta huku ikiwa ni mali ya mpango, sheria inaihesabu kuwa mkopo kutoka mpango kwenda kwa mwajiri, jambo lililokatazwa. Mzee wa ghalani alimkopesha bosi wake bila kuombwa.

Unasema zote ziliingia. Ni kweli, na namshukuru Mungu. Lakini rudi kwenye zile siku 47. Tuseme yule mteja mkubwa asingelipa kabisa, na kampuni ikafilisika siku ya 30. Makato ya watu wote wale yangekuwa yamechanganyika na fedha za kampuni, huku wenye ghala, wauza mafuta na benki wakiwa wamepanga foleni na madai yao. Shirika la serikali linalokinga pensheni za kizamani, PBGC, halikingi akaunti za 401(k). Kinga ya mzee yule ni moja tu, nayo ni fedha yake kutoka haraka mikononi mwa mwajiri.

Kila ninapoeleza hili nakumbuka kiwanda cha magari cha Studebaker pale South Bend, Indiana. Kilitangaza kufunga mwezi Desemba 1963, na wafanyakazi kama 4,000 wa umri wa kati ya miaka 40 na 59, waliokuwa wameshastahili pensheni, wakapata takriban senti 15 kwa kila dola waliyoahidiwa. Ule ulikuwa mpango wa aina nyingine, na tatizo lake lilikuwa akiba isiyotosha. Lakini kilio cha watu wale ni sehemu ya yaliyosukuma sheria ya ERISA, inayolinda mipango ya uzeeni ya wafanyakazi, ambayo Rais Gerald Ford aliisaini tarehe 2 Septemba 1974. Ndiyo sheria unayoishika mkononi kila siku ya mshahara.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu naamini bosi wako hajaipiga. Tuseme faida iliyopotea inakadiriwa kwa asilimia 7 kwa mwaka. Dola 18,000 zikicheleweshwa siku 47 zinazaa kama dola 160. Hizo ndizo anazotakiwa kuwarudishia wafanyakazi, kila mmoja kwa fungu lake. Juu yake kuna kodi ya adhabu ya asilimia 15, inayotozwa kwenye ile faida na si kwenye zile 18,000, kwa hiyo ni kama dola 24, zinazolipwa mamlaka ya kodi, IRS, kwa Fomu 5330. Kusanya ucheleweshaji wa mwaka mzima, bado utapata kiasi ambacho kampuni ya watu 150 inaweza kukilipa. Upande wa pili weka hili: kuandika kwa makusudi taarifa ya uongo kwenye nyaraka ambazo ERISA inazitaka ni kosa la jinai la serikali kuu, na kifungo chake kinafika miaka 5. Bosi wako anataka ubebe hatari hiyo ili yeye aokoe mia kadhaa za dola na aibu kidogo.

Njia halali ya kujirekebisha ipo, na imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Wizara ya Kazi, kupitia idara yake ya EBSA, ina mpango wa marekebisho ya hiari unaoitwa VFCP. Tangu Machi 2025 una njia fupi kwa michango iliyochelewa: fedha ziwe zimeingia kwenye mpango ndani ya siku 180 tangu zilipokatwa, faida iliyopotea isizidi dola 1,000, na mpango usiwe chini ya uchunguzi. Mwajiri analipa ile faida, anatuma taarifa kwenye tovuti ya EBSA, na anatunza ushahidi. Kama jumla yenu imezidi, kuna ombi kamili lenye makaratasi mengi zaidi, ila mwisho wake unapata barua kwamba wizara haitachukua hatua juu ya jambo hilo. Angalia lile sharti la uchunguzi. Mlango huu uko wazi kwa anayekuja mwenyewe, na akishafikiwa kwanza unafungwa.

Kuhusu cheti cha benki, hapo bosi amechanganya mambo. Ni kweli sheria, kifungu cha 103(a)(3)(C), inaruhusu mkaguzi asirudie kukagua taarifa za uwekezaji ambazo benki au kampuni ya bima imezithibitisha kwa maandishi. Lakini benki inathibitisha kilichofika kwake. Haijui kilikatwa lini. Mkaguzi bado ana wajibu wa kuchukua hati za mishahara za watu kadhaa, kulinganisha makato na kilichoingia, kuangalia tarehe, kuangalia nani alistahili kujiunga na kama mshahara uliotumika ndio ulioandikwa kwenye hati ya mpango. Tarehe za mishahara ziko kwenye taarifa ya benki ya kampuni, tarehe za kuingia ziko kwa wanaotunza akaunti. Jedwali lako likisema tofauti na hivyo viwili, litakalohojiwa ni wewe.

Ila bosi hajakosea kuhusu ofisi za bei nafuu, na linaniuma kulisema. Mwaka 2015 Wizara ya Kazi ilitoa matokeo ya kupitia kaguzi 400 za mipango hii: asilimia 39 zilikuwa na kasoro kubwa. Kwa ofisi zinazokagua mpango mmoja au miwili tu kwa mwaka, kasoro zilifika kama asilimia 76. Kwa hiyo inawezekana kabisa mkaguzi wenu apite asione. Lakini asipoona, Fomu 5500, taarifa ya mwaka ya mpango inayopelekwa serikalini, ina swali la wazi, jedwali H mstari wa 4a: je, mwajiri alichelewa kupeleka michango ya wafanyakazi, na ni kiasi gani? Mtu atalijibu na kusaini chini ya kiapo. Wizara inayasoma majibu hayo. Na mwajiri mwenye kasoro kubwa kwenye ukaguzi anaweza kurudishiwa ripoti aifanye upya kwa gharama zake, kwa hiyo ule unafuu wa bei nao ni wa mashaka.

Na mkaguzi si wa bosi. Sheria inasema anaajiriwa kwa niaba ya wanachama wote wa mpango, hata kama hundi inatoka kampuni. Akikuuliza ana kwa ana kama unajua ucheleweshaji au udanganyifu wowote, na wakaguzi tunauliza, mwambie ukweli. Hapo hutakuwa umemsaliti mtu.

Jambo moja nataka ulifanye kabla hujalala: fungua hati ya mpango utazame msimamizi wa mpango ni nani, na nani wametajwa kuwa wenye dhamana. Kisha tafuta Fomu 5500 ya mwaka uliopita uone aliyesaini. Mtu anayepiga hesabu na kutunza kumbukumbu kwa maagizo ya mwingine kwa kawaida hahesabiki kuwa mwenye dhamana. Anayeamua fedha itoke lini ndiye mwenye dhamana, na huyo sheria inamwajibisha kwa mali yake mwenyewe. Kwa maelezo yako, aliyeamua ni bosi. Lakini kama jina lako limewekwa mahali bila wewe kuelewa maana yake, au kama ulisaini fomu ile kwa sababu tu uliambiwa bonyeza hapa, tafuta wakili wa mambo ya ERISA mara moja, wakili wako mwenyewe. Wakili wa kampuni ni wa kampuni. Na kuwa karani hakumkingi mtu aliyejua uongo na kuuandika kwa mkono wake.

Sasa la bonasi. Mwanangu, hili nimelikuta kwenye mipango mingi kiasi kwamba nilikuwa nalitafuta kabla sijavua koti. Hati inasema hivi, programu ya mishahara imepangwa vile, na miaka inapita. Ni kosa la kuendesha mpango, na IRS ina utaratibu wake wa kulirekebisha, mara nyingi bila hata kuwaandikia. Kwa kuwa wafanyakazi walikosa nafasi ya kuweka akiba, mwajiri ndiye anayewawekea: kwa kawaida asilimia 50 ya makato yaliyokosekana. Likirekebishwa mapema na wahusika wakapewa taarifa kwa wakati, sehemu hiyo inashuka hadi asilimia 25, na likigunduliwa na kusahihishwa ndani ya miezi 3 tangu lianze, haidaiwi kabisa. Lenu lina miaka miwili, kwa hiyo hiyo ya mwisho imeshawapita, lakini kila mwezi unaongeza gharama. Kama mwajiri huwa anachangia kulingana na makato ya mfanyakazi, anadaiwa nyongeza hiyo yote, pamoja na faida yake. Hakuna anayefungwa kwa kukosea hili. Lakini ukilificha baada ya kulijua, halitaitwa tena kukosea.

Ndiyo maana nakushauri uanze na lako. Ukienda kwa bosi na la kwake peke yake, atadhani unamshitaki. Ukianza na kosa lako, hati ya mpango mkononi, mpangilio wa programu na hesabu ya awali ya kinachodaiwa, utakuwa umemwonyesha namna mtu anavyokiri jambo akabaki amesimama. Halafu mwambie kwamba jedwali utalijaza kwa tarehe za kweli, na umwekee mezani ile hesabu ya dola 160 na 24. Mpe mlango wa kutokea. Wengi wanaoshika fedha hizi wameshikwa na hofu ya siku, na wakiuona mlango wanapita. Siku hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi yenye mambo yaleyale, bila ukali: tuliongea leo, haya ndiyo niliyoyaona, sitaweza kubadilisha tarehe, na haya ndiyo marekebisho ninayopendekeza. Kama muda unawabana, Fomu 5500 ya mwaka wa kalenda inatakiwa tarehe 31 Julai, lakini mkiomba kwa Fomu 5558 mnapata hadi tarehe 15 Oktoba. Hakuna sababu ya kughushi kwa kukosa muda.

Akikataa, mpe mkaguzi tarehe za kweli. Akikuondoa kwenye kazi hiyo ili mwingine aandike uongo, piga simu EBSA, 1-866-444-3272. Ni bure, na wanawasikiliza wafanyakazi. Kifungu cha 510 cha ERISA kinakataza kumfukuza au kumwadhibu mtu kwa sababu ametoa taarifa kwenye uchunguzi unaohusu sheria hii. Sitakuambia hakuna mwajiri anayejaribu. Mahakama zenyewe hazikubaliani kama kifungu hicho kinamlinda pia aliyelalamika ndani ya ofisi tu, kwa hiyo ongea na wakili wako kabla mambo hayajawa makali. Tunza nakala za barua pepe zako na za maagizo uliyopewa. Usibebe nyumbani mafaili yenye namba za hifadhi ya jamii za wenzako. Utajitengenezea kosa jipya.

Halafu yule mzee. Mfuate wewe, usimngoje aje. Mwambie ile siku haikuwa mtandao, makato yalichelewa kutumwa, yakaingia tarehe fulani, na ulimjibu vibaya. Tarehe hiyo ni ya akaunti yake mwenyewe, inaonekana kwenye taarifa anayotakiwa kupata kila robo mwaka. Kaa naye umwonyeshe mstari wenyewe kwenye simu. Kuhusu kustaafu mwakani, kabla hajajaza fomu ya kutoa fedha, muulizie kama mafungu yake mawili yameshaingia: faida ya zile siku zilizocheleweshwa na marekebisho ya bonasi. Akiondoka kabla hayajaingia, bado ni yake, na kampuni inatakiwa kumfikishia huko alipo. Kwa hiyo hakikisha anwani na namba yake ya simu ni sahihi kwa wanaotunza akaunti, maana nimeona fedha za wazee zikikaa miaka kwa sababu tu walihama nyumba.